Hapana ya Ndahani

Joho langu jeusi nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala hapa Nzuguni, Dodoma, na mke wangu analalamika kwamba kila alfajiri akifumbua macho anadhani kuna mtu amesimama pale. Nimemwambia atazoea. Mimi mwenyewe nimelivaa miaka thelathini na kitu na sijalizoea. Ninyi vijana mliobaki ofisini mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Nadhani mlitarajia kesi nilizoshinda. Nitawaandikia habari ya woga, kwa sababu ndio uliokaa nami kila siku ya kazi, masika na kiangazi, na kwa sababu najua kila mmoja wenu anadhani ni yeye peke yake anayeogopa.

Nilikulia katika nyumba ya Kigogo ambako mdogo hamkatizi mkubwa. Mzee akisema jua huchomoza upande wa Kondoa, unaitikia, kisha kesho yake unakwenda kuangalia mwenyewe linakotokea. Ni malezi mazuri kwa mchunga mbuzi. Kwa wakili ni ugonjwa, na nilikwenda nao chuoni nikarudi nao.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa vyumba viwili vya bati pale Kikuyu, mali ya Mzee Swalehe, Mrangi mwembamba mwenye sauti ndogo ambaye mahakimu walimwogopa bila kujua kwa nini. Niliingia na suti ya kuazima na shahada yangu kwenye bahasha. Hakuifungua. Alinipa faili la mgogoro wa shamba akaniambia nilisome kwa sauti, lote, mwanzo hadi mwisho, na mihuri niisome. Nilifanya kazi hiyo miezi mitatu mpaka koo likakauka. Alisema macho yana tabia ya kuruka, lakini ulimi hauruki, ukifika kwenye shimo lazima uanguke. Fanyeni hivyo hata leo, ingawa sasa mnasoma kwenye simu huku mnatembea.

Alikuwa pia na penseli nyekundu. Kila aya ya mpinzani aliiwekea alama pembeni: vema kwa tunayoikubali, mkasi kwa tunayoikataa, na duara kwa ile ambayo hatujamuuliza mteja. Ofisini kwake hakuna aliyetoka kwenda mahakamani akiwa na duara hata moja kwenye karatasi. Siku nilipoapishwa kuwa wakili, wenzangu walipewa saa na kalamu za bei na wazazi wao. Mzee Swalehe alinipa penseli moja nyekundu, tena imeshachongwa nusu.

Mwaka wa pili nikapangiwa kesi ya mauaji. Mnajua utaratibu: mshtakiwa wa mauaji asiyeweza kujiwekea wakili, mahakama inampangia. Nilipopokea barua nilifurahi kama dakika tano. Kisha nikakumbuka kwamba kosa lile likithibitika adhabu yake ni moja tu, jaji hana ya kuchagua, na furaha ikaisha.

Mshtakiwa aliitwa Ndahani, kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, mkulima wa uwele na mchunga mbuzi kutoka kijiji kimoja kusini mwa mji. Nilikutana naye mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kesi, mahabusu ya nyuma ya mahakama, tukapewa dakika ishirini na askari akiwa anatazama saa. Nilimsalimia Kigogo, mbukwa, akaitikia kwa aibu kama aliyepewa zawadi asiyoistahili.

Habari yake ilikuwa fupi. Kijijini kwao kiangazi watu huchimba visima mchangani, ndani ya korongo, na kunywesha mifugo kwa zamu. Asubuhi ya siku ile aligombana na mchungaji mwenzake, mtu mzima, kwa sababu ya zamu. Walitupiana maneno mbele ya watu, kisha kila mmoja akaenda zake. Jioni mtu yule akakutwa kisimani amepigwa rungu kichwani, amekufa. Ndahani jioni hiyo alikuwa kwa dada yake, Mvumi, na alilala huko. Niliandika kwenye daftari langu, na daftari hilo ninalo mpaka leo: "Asubuhi kisimani, ugomvi. Jioni kwa dada, Mvumi, hadi kesho yake."

Jaji alikuwa mgeni kwetu, mzee wa mvi, aliyekuja kusikiliza kesi za mauaji zilizorundikana. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba anatumaini hatutamaliza asubuhi nzima kwenye jambo hili. Nikainama. Wakili wa Serikali, naye mtu wa umri wa baba yangu, akasimama kusoma maelezo ya kesi.

Hii hatua mnaijua, lakini huenda karatasi hizi zikasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo nieleze. Maelezo husomwa aya kwa aya, na upande wa utetezi husema lipi wanakubali na lipi wanabisha. Lililokubaliwa huandikwa kwenye hati ya mambo yasiyobishaniwa, mnatia sahihi, na kuanzia hapo linahesabiwa kuwa limethibitishwa. Hakuna shahidi atakayeitwa tena kulisema. Ni utaratibu mzuri wa kuokoa muda. Unaokoa muda wa kila mtu isipokuwa wa anayenyongwa.

Alisoma kama mtu anayewahi basi. Aya ya tisa ilisema kwamba jioni ya siku ya tukio mshtakiwa alikuwa kisimani pamoja na marehemu. Niliisikia. Sitawadanganya kwamba ilinipita. Kidole changu kilikuwa juu ya daftari, juu ya neno Mvumi, na mwili wangu wote ulitaka kusimama, lakini mzee alikuwa anasoma. Nikajiambia nitasema akimaliza. Alipomaliza, jaji alishafunika kalamu yake, akaniangalia juu ya miwani akauliza kama kuna ubishi. Ile penseli nyekundu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, chini ya joho.

Nilisimama, nikainama, nikasema hakuna, Mheshimiwa. Jaji akamuuliza Ndahani kama amesikia na kama ni kweli. Akajibu, "Ndiyo, mzee." Tukatia sahihi, mimi kwa kalamu na yeye kwa dole gumba.

Mchana nilirudi Kikuyu nikampa Mzee Swalehe nakala na daftari langu. Alisoma kwa sauti, kama kawaida yake. Alipofika aya ya tisa alinyamaza, akafungua daftari, akarudi kwenye nakala.

"Mika," akasema, "jioni alikuwa wapi?"

Nilianza kueleza kwamba jaji alikuwa na haraka, kwamba Wakili wa Serikali ni mtu mzima, kwamba haikuwa vizuri kumkatiza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kitanzi hakitauliza kama ulikuwa na adabu," akasema. "Utarudi mbele ya jaji yule yule, useme kosa ni lako."

Kesi ilipangwa kuendelea kikao kijacho, miezi kadhaa mbele. Miezi hiyo nilipanga chumba Nkuhungu, na nilichokumbuka kila nilipofunga mlango ni dole gumba lile lenye wino. Upande wa mashtaka walikuwa na ugomvi wa asubuhi tu, pamoja na mama mmoja aliyeona mtu kisimani kwa mbali, wakati wa magharibi. Hivyo viwili visingetosha. Kilichobaki ni kumweka Ndahani kisimani jioni, na hilo niliwafanyia mimi, bure. Nilipomwona mtu anafunga mbuzi kamba sokoni niligeuza uso.

Niliogopa na mengine madogo, nayo niyaseme. Niliogopa wenzangu watanicheka. Niliogopa jaji ataandika barua na nitafutwa. Nilikuwa naogopa kitanzi cha mtu mwingine na leseni yangu kwa wakati mmoja, na kuna siku sikujua ni kipi kinanitetemesha zaidi. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kuliko ile sahihi.

Nilikwenda gerezani kumwona. Nilimuuliza kwa nini alikubali jambo la uongo. Alinitazama kama mtu niliyemuuliza kwa nini mvua hainyeshi Julai.

"Mzee akiwa anasoma, mtu anamkatizaje?" akasema. Kisha, taratibu, bila ubaya wowote, "Na wewe ulikubali. Nikasema, wakili anajua."

Nilimweleza kwamba nitaomba aya ile iondolewe, na kwamba jaji lazima atamuuliza yeye mwenyewe. Akijibu ndiyo kwa mara nyingine, hakuna Mzee Swalehe wala malaika atakayemtoa. Akasema ameelewa. Nikataka kuhakikisha. Nikamwambia mimi sasa ni jaji, nikakunja uso, nikamuuliza kwa sauti nzito, "Wewe jina lako ni Petro?"

Alikuna kisogo.

"Kama mzee umesema," akajibu, "labda nilibatizwa nikiwa mdogo."

Nilicheka, halafu nikaogopa kuliko nilivyokuwa kabla sijacheka. Kijana huyu hakuwa mjinga. Alijua jina lake, alijua alikuwa Mvumi. Ila katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu mwenye mvi kwamba amekosea, na mimi nilikuwa na miezi michache ya kumfundisha jambo ambalo mwenyewe nilikuwa nimeshindwa. "Tena," nikamwambia.

Tulirudia ziara baada ya ziara. Kwangu mimi alianza kuweza, kwa sababu nilimzidi miaka michache tu. Tatizo lilikuwa mvi. Mlangoni alikuwapo askari mmoja mzee, sajini, ambaye kwa utaratibu alipaswa asitusikilize na alikuwa anasikiliza kila neno. Siku moja akakohoa, akauliza kama anaweza kusaidia. Akamgeukia Ndahani na kumuuliza kama jana walikula nyama. Gereza zima lilikuwa limekula maharage, mwezi mzima.

"Ndiyo, afande," akasema Ndahani.

"Tena," nikasema.

"Jana mlikula nyama?"

Jasho lilimtoka kijana. Alitazama sakafu, alitazama mvi za yule mzee. Akasema huenda waliokula walikula. Sajini akanitazama kwa huruma ya kweli, na nadhani huruma ile ilikuwa yangu. Mpaka ziara ya mwisho neno hapana lilikuwa halijatoka. Alisema, "Nitajitahidi, wakili," nami nilitoka nje ya lango nikiwa na hakika kwamba nimemuua.

Asubuhi ya kikao nilifika mahakamani kabla ya mfagizi. Nilikuwa nimeziwekea aya zote alama kwa penseli nyekundu, na ya tisa nilikuwa nimeipiga mkasi mpaka karatasi ikatoboka. Mzee Swalehe alikaa nyuma, kofia mapajani. Kesi ilipoitwa nilisimama kabla sijaambiwa, nikasema nina ombi, na nikalieleza ombi lenyewe. Sauti ilitoka nyembamba sana.

Jaji alivua miwani. Aliuliza sahihi iliyo kwenye hati ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akauliza kama nililazimishwa.

"Hapana, Mheshimiwa. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vifungu vya sheria, vitatu, na vyote vikanitoka. "Nilikuogopa wewe, Mheshimiwa Jaji."

Wakili wa Serikali alishusha macho kwenye faili lake. Nilijua ndiyo mwisho wa kazi yangu, na, niseme ukweli, kwa dakika ile sikujali, kwa sababu jaji alikuwa ameshaniacha na anamtazama Ndahani kizimbani. Alimuuliza polepole, na ndivyo ilivyokuwa vibaya zaidi, kwa sauti ya mzee wa nyumbani: je, si yeye aliyekubali mbele ya mahakama hii kwamba jioni alikuwa kisimani?

Ndahani alishika mbao za kizimba. Nilihesabu vifungo vya joho langu kwa vidole. Kisha akainamisha kichwa na kufanya jambo ambalo sijaliona tena kizimbani tangu siku ile.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Karani aliacha kuandika. Jaji naye, kwa mazoea ya kila mtu aliyelelewa, akajibu, "Marahaba."

"Hapana, mzee," akasema Ndahani. "Jioni sikuwapo."

Nilikaa bila kuruhusiwa. Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema aya ya tisa inaondolewa na upande wa mashtaka watalazimika kuithibitisha kwa mashahidi. Hawakuweza. Dada mtu alikuja kutoka Mvumi na majirani zake wawili, yule mama akakiri kwamba wakati ule ilikuwa giza, na wazee wa baraza watatu, wale wanaomshauri jaji, wote walisema hana hatia. Jaji akamwachia. Jioni yake alituma mtu ofisini aniambie kwamba wakili hupaswa kumheshimu jaji, na kwamba kumwogopa ni jambo jingine. Barua ya kunifuta haikuja. Nani alimuua yule mtu kisimani, mpaka leo hatujui, na hilo nalo huniamsha.

Miaka ikapita mingi. Mzee Swalehe alifariki na kuzikwa kwao Kondoa, nikabaki na ofisi na meza yake. Mji ukakua, kile kijiji kikamezwa kikawa kata, na watu wakanijia wakitaka niwe diwani wao. Nilikataa mara mbili. Aliyenikubalisha ni Ndahani, sasa mtu mwenye watoto sita na mvi zake chache, aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu mchagueni huyu, huyu anajua kufundisha mtu kusema hapana. Nilishinda. Sikumsahihisha.

Halmashauri naiacha bila jina. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mwema, rafiki wa marehemu baba yangu, na alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kila swali. Siku moja akasoma pendekezo la kupima viwanja eneo lote la lile korongo, visima vya mchangani vikiwamo. Watu wa kata hawakuwa wameulizwa. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye daftari: "Hawajaulizwa." Kidole kilikuwa juu ya neno. Na Ndahani alikuwa kwenye benchi la wageni, amekuja na wenzake wawili, maana mbuzi wa kata nzima walikunywa pale.

Mzee alikuwa anasoma. Nikajiambia nitasema akimaliza. Akamaliza, akakohoa, akauliza kama diwani wa kata husika ana neno.

"Sina, Mwenyekiti," nikasema.

Kabla sijaendelea niwatoe wasiwasi kuhusu visima. Muhtasari wa kikao huthibitishwa kikao kinachofuata, na hapo mtu bado anaweza kusimama. Nilisimama. Nikasema watu wa kata hawajaulizwa. Viwanja vikapimwa, lakini korongo likaachwa, na visima vipo hadi leo. Mwenyekiti alipita msimu mzima bila kuniitikia salamu, na uchaguzi uliofuata jina langu halikurudi. Huo ndio urefu wote wa siasa yangu.

Ninachotaka mkikumbuke ni kile cha katikati, kabla ya kikao cha pili. Nilitoka ukumbini siku ile ya kwanza nikiwa sitaki kuonana na mtu, nikamkuta Ndahani amekaa kwenye ngazi za nje, juani, amewaacha wenzake watangulie. Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru. Alisema shikamoo, nikaitikia, akanipisha nafasi nikakaa. Hakuniuliza kwa nini. Yeye anajua kwa nini kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Baada ya muda alinyanyuka, akakaa ngazi moja juu yangu. Akakohoa kile kikohozi cha Mwenyekiti, kikamtoka sawasawa. Akakunja uso.

"Diwani wa kata, una neno?"

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Madiwani wenzangu walikuwa wanapita na mafaili yao, wengine wamesimama kutazama. Nilifungua mdomo.

"Sina," nikasema.

Ndahani hakucheka.

"Tena," akasema.